Jicho la Mshairi: Vitabu vya Mkono vya Tenzi na Pwani ya Kilwa

Nawashukuru kwa kukubali mhadhara wa chuo kikuu ufanyike huku Somanga, badala ya watu wa huku kuitwa Dar es Salaam kuja kusikiliza habari zao wenyewe.

Nazungumzia kitabu ambacho mshairi amekitengeneza kwa mkono wake: maneno, khati, wino na nakshi. Nchi za wenzetu kazi kama hiyo ina heshima mbili. William Blake wa London alitoa mwaka 1789 kitabu cha mashairi ambacho maandishi na picha zake alizitia mwenyewe kwenye bamba la shaba, kisha yeye na mkewe Catherine wakapaka rangi nakala moja moja. Blake leo husomeshwa katika fasihi na katika sanaa za uchoraji. Kwetu mtu wa aina yake husomeshwa nusu. Tumezichukua tenzi kuwa mali ya sikio peke yake, ilhali waliozitunga na kuzinakili walilifanyia kazi jicho pia. Nusu hiyo tuliyoiacha ndiyo iliyonileta.

Mfano wangu mkubwa hautoki Kilwa, unatoka Lamu, na sitaona haya kuuazima. Muhamadi bin Abubakari Kijuma alizaliwa yapata mwaka 1855, akafariki 1945. Alikuwa mshairi, fundi wa kuchonga milango, mpiga kinanda, na mwenye khati ambayo watu walikuwa tayari kuilipia. Wataalamu wa Ulaya waliotaka tenzi, kina Alice Werner, William Hichens na Ernst Dammann, walimtegemea yeye awanakilie. Wao walitaka matini. Kijuma aliwapa zaidi ya walichoagiza: vichwa vya tenzi vilivyoandikwa kwa herufi za mapambo, wino wa rangi, na mistari iliyopimwa kwa macho ya fundi aliyezoea kupima mbao. Mkono ule ule uliotia maua kwenye mlango ndio uliotia maua kwenye ukurasa. Nadhani tunakosea tukimwita mnakili. Mnakili hurudia. Kijuma alikuwa akiutungia utenzi mwili wake wa pili.

Sasa tuutazame ukurasa wenyewe kwa karibu, kwa kuwa hapa ndipo penye mali. Katika kitabu cha shule, ubeti wa utenzi mmezoea kuuona una mistari minne mifupi, mmoja chini ya mwingine. Katika kitabu cha mkono kwa kawaida ubeti mzima ni mstari mmoja. Unaanzia kulia, unakwenda kushoto, na vile vipande vinne vimetengwa kwa alama ndogo: nukta tatu, ua, au umbo la moyo uliopinduliwa, mara nyingi kwa wino mwekundu. Vipande vitatu vya kwanza vina kina chao, nacho hubadilika kila ubeti. Kipande cha nne kina kina cha bahari, kile kisichobadilika tangu mwanzo wa utenzi hadi mwisho. Maana yake ni kwamba ukingo wa kushoto wa ukurasa una herufi zile zile, mstari baada ya mstari, zimepangana kama boriti za dari. Msomaji huiona bahari kabla hajaisikia. Akigeuza ukurasa, pale chini pameandikwa neno litakaloanza ukurasa unaofuata, ili sauti isikatike wakati vidole vinafanya kazi yake. Hiyo si karatasi ya kuhifadhia maneno tu. Imepangwa kwa usomaji wa mbele ya watu, na ikapangwa ipendeze.

Watunzi wenyewe hawakuficha kwamba kitabu ni sehemu ya shairi. Tenzi nyingi hufunguliwa kwa mtunzi kuagiza vifaa: niletee kalamu, wino, karatasi njema. Mwana Kupona naye alifungua hivyo utenzi aliomtungia bintiye mwaka 1858, alipokuwa mgonjwa. Tumewafundisha wanafunzi kwamba ule ni utangulizi wa desturi, tukaupita haraka twende kwenye mawaidha. Lakini mume wa Mwana Kupona alikuwa Bwana Mataka, mtawala wa Siyu katika kisiwa cha Pate, na Siyu katika karne ya 18 na ya 19 ilisifika kwa misahafu iliyopambwa kwa mkono, kwa rangi nyeusi, nyekundu na manjano. Karatasi yenyewe ilivuka bahari. Nyingine ilitoka Italia, na ukiiinua kwenye mwanga unaona alama ya hilali tatu ndani yake. Mwanamke aliyeishi katika mji kama huo anapoagiza wino na karatasi, anajua anachoagiza.

Mtaniuliza, Kilwa ina nini? Kilwa ilitia vina hata kwenye fedha. Sarafu za masultani wake wa kale, kina Ali bin al-Hasan, zina maneno ya kumtegemea Mungu upande mmoja na jina la sultani upande wa pili, na pande hizo mbili zina kina kimoja. Mtu aligeuza sarafu kiganjani akamaliza ubeti. Sijui dola nyingine nyingi zilizojali ushairi hadi kwenye chenji ya sokoni.

Kuna na maandishi ya karatasi. Barua za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu zilizotoka Kilwa mnamo mwaka 1711, zama za Malkia Fatima na bintiye Mwana Nakisa, ni miongoni mwa maandishi ya zamani kabisa ya Kiswahili yaliyobaki, nazo ziko Goa, India. Tarikh ya Kilwa, kwa nakala iliyoandikwa Zanzibar mwaka 1877, iko British Library, London. Kwa hiyo mtoto wa Kilwa Kivinje akitaka kuuona mkono wa wazee wake, sharti apande ndege.

Na utenzi mnaoufahamu zaidi pande hizi, ule wa Vita vya Maji Maji, ulitungwa na mtu wa Lindi, Abdul Karim bin Jamaliddini. Hapa Somanga hakuna haja ya kuwasimulia vita hivyo. Ramani za Wajerumani ziliandika Samanga, na ni hapa ambapo mwisho wa Julai 1905 Wamatumbi waliteremka kutoka vilimani, wakaiharibu pamba na kuiteketeza stesheni ya biashara. Wengi wetu tunausoma utenzi huo katika toleo la mwaka 1957 la Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, pamoja na tafsiri ya Kiingereza ya W. H. Whiteley. Toleo hilo ni msaada mkubwa, na bila hilo tungekuwa hatuna la kusomesha. Lakini ni herufi za mashine kutoka mwanzo hadi mwisho. Hata kitabu mashuhuri cha J. W. T. Allen, Tendi, cha mwaka 1971, kinatupa Kiswahili cha herufi za Kilatini upande mmoja na Kiingereza upande wa pili. Silaumu watu hawa. Allen alizunguka pwani yote kukusanya miswada iliyo leo katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Ninaowalaumu ni sisi tuliokuja baada yao, tukiwa na kamera mfukoni, tukaendelea kuchapa maneno bila kurasa.

Kuna rafiki zangu husema hasara hiyo ililipwa na kanga: ina pindo, ina mji, ina jina, basi ni ukurasa unaovaliwa. Napenda kanga, ila siikubali hoja. Jina la kanga ni la kila mtu, na rangi zake zimepangwa kiwandani. Kitabu ninachokizungumzia kina mtu mmoja nyuma yake, naye unaweza kumtambua kwa jinsi anavyokunja herufi.

Wala sanaa hii haijafa duniani. Etel Adnan, mshairi aliyezaliwa Beirut mwaka 1925, tangu miaka ya 1960 alikuwa akichukua karatasi ndefu za mikunjo, akinakili mashairi ya Kiarabu ya wenzake na kuyatia rangi za maji, mpaka kitabu kizima kikikunjuliwa kinakuwa mchoro mmoja. Vijana wetu wa darasa la sanaa wanaweza kuanza kesho kwa daftari, wino na kalamu ya mwanzi. Wasiige Lamu; samaki, mikoko na magofu ya Songo Mnara yanatosha kuwa nakshi.

Lakini kabla ya vipya, vya zamani. Wino wa masizi na gundi ya mti haupauki kwa jua, ila maji huuosha. Mliona Mei 2024 mvua za kimbunga Hidaya zilivyokata barabara ya kusini hapa hapa kwetu. Maji yaliyobeba daraja hayashindwi na kasha la vitabu. Kuna na mchwa, na kuna desturi yetu njema ya kuyazika maandishi matukufu yaliyochakaa, ambayo siipingi.

Ombi langu ni hili. Mwenye kitabu cha mkono nyumbani, kiwe cha utenzi, cha maulidi au cha dawa, asikiuze na asimpe mgeni, hata mgeni wa chuo kikuu. Akiinue kutoka sakafuni, akifunge kwa kitambaa safi cha pamba, asikitie selotepu wala nailoni. Kisha amwambie mwalimu wa shule au wa madrasa, nasi tutakuja na kamera, tupige kila ukurasa kwa rangi zake, pamoja na jalada, pambizo na karatasi tupu, na nakala ya picha tuiache kwa mwenyewe. Na kama ukoo umekwisha kuamua kukizika, tunaomba siku moja tu kabla ya kuzika.