NDIYO YETU NA NDIYO YAO

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wafanya kazi wa reli, wanachama wa tawi letu)



Tumeombwa tuseme juu ya jambo ambalo wataalamu wamelipa jina refu. Mmarekani mmoja, William Graham Sumner, alilieleza katika kitabu chake cha mwaka 1906. Ni tabia ya watu kuona kabila lao ndilo kitovu cha dunia, na kuwapima wengine wote kwa kipimo cha kwao. Sisi tuliosoma shule ya msingi ya misheni hatukufundishwa jina hilo, lakini jambo lenyewe twalijua, maana tumelitenda na tumetendewa.

Na tuanze na kazi. Katika yadi moja, ambayo hatutaitaja, mabehewa matatu yaliteremka yenyewe usiku yakagonga kizuizi mwisho wa njia. Hakuumia mtu, twamshukuru Mungu. Asubuhi mwenzetu alishitakiwa kwamba amesema uwongo. Msimamizi wake, mgeni kutoka Ulaya aliyejifunza Kiswahili katika kitabu, alikuwa amemwuliza jioni, "Hujafunga breki?" Mwenzetu akajibu, "Ndiyo." Kwa Kiswahili maana ni wazi: ndiyo, ni kama usemavyo, sijafunga. Akangoja aambiwe afunge, au aiache kwa kuwa injini yaja. Lakini kwa mtu aliyezoea Kiingereza, "ndiyo" ya namna ile maana yake ni "nimefunga". Msimamizi akaenda zake kulala.

Sasa sikilizeni yaliyofuata, maana hapo ndipo penye ugonjwa. Msimamizi alisema, "Watu hawa ni waongo." Hakusema mtu huyu, alisema watu hawa. Na sisi tukasema, "Wazungu ndivyo walivyo, watafuta sababu ya kumfukuza mtu." Siku nne tulikaa hivyo, kila upande na hakika yake, na pande zote mbili tulikosea. Mwenzetu ana watoto wanne shuleni, na barua ya kumwachisha kazi ilikuwa imekwisha pigwa taipu. Katibu wetu ndiye aliyeomba maneno yale yarudiwe, neno kwa neno, mbele ya wote wawili. Msimamizi alipoelewa alinyamaza kitambo, kisha akaichana barua. Hatusemi alikuwa mtu mbaya. Alidhani tu kwamba "ndiyo" ya kwao ndiyo "ndiyo" ya dunia nzima.

Reli yenyewe ililijua jambo hili tangu zamani. Ilianzwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Ziwani mwaka 1901, na vibarua kama 32,000 waliletwa kutoka Bara Hindi kuijenga, wakafanya kazi pamoja na watu wa pwani na wa bara. Mhindi akitikisa kichwa huku na huku, mara nyingi amekubali. Sisi tukimtazama twaona amekataa. Utawezaje kupitisha treni kwa kichwa cha namna hiyo? Ndiyo maana kuna bendera na taa. Nyekundu si ya Mkamba wala si ya Mwingereza. Kila mtu hujifunza upya siku aingiapo kazini, wala hapana asemaye kwamba yake ya nyumbani ni bora. Hata katika reli mpya iliyojengwa na Wachina, iliyofunguliwa mwaka 2017, nyekundu ni simama.

Lakini tukisha kuweka bendera chini na kurudi majumbani, kila mtu hutoa kipimo chake. Mtu wa bara husema, "Nipe maji." Kwake hilo si tusi, ni maneno mafupi tu. Mtu wa pwani huona ameamrishwa kama mtumwa. Yeye huanza na habari za nyumbani, na za watoto, na za kazi, kisha ndipo asema, "Naomba maji." Naye mtu wa bara humwona mvivu, au mjanja aliye na jambo moyoni. Wote wawili walitaka maji tu.

Hayo ni madogo. Kubwa ni lile la uchaguzi wa kamati yetu. Mtasema halifai kuandikwa, lakini lilisemwa mbele ya watu wote. Mmoja alisimama akasema yeye hawezi kuongozwa na mtoto. Aliyetajwa ni Mjaluo, fundi wa miaka mingi, baba wa watoto sita. Kila mtu alijua maana ya neno lile. Kwa Wakikuyu, Wakamba na Wabukusu, kijana alitahiriwa ndipo akahesabiwa mtu mzima. Kwa Wajaluo wa zamani, kijana aling'olewa meno sita ya chini, akastahimili bila kulia. Je, Mjaluo akisimama aseme hawezi kuongozwa na mwenye meno yote, tutamjibu nini?

Na kosa si la msemaji peke yake. Sisi wengine tulicheka. Waliotoka nje siku ile walikuwa karibu nusu ya mkutano, na hoja ya malipo ya saa za ziada, ambayo tulikuwa tumeiandaa miezi mitatu, haikupigiwa kura kwa sababu watu hawakutosha. Wakubwa hawakutumia hata senti moja kuizuia. Tuliizuia wenyewe kwa kicheko.

Mwaka 1935, Makhan Singh, Kalasinga mwenye kilemba, alikitoa chama chake katika jina la Wahindi kikawa chama cha wafanya kazi wa kila rangi katika Kenya. Mwaka 1949 yeye na Fred Kubai waliunda muungano wa vyama vya Afrika ya Mashariki. Serikali ya wakoloni iliwakamata wote wawili mwaka 1950, na Makhan Singh hakuachiliwa mpaka mwaka 1961. Watu hao hawakuwa wa rangi moja.

Basi kamati imeamua mambo mawili. La kwanza, kazini hatutaulizana tena "Hujafunga?" Tutauliza, "Breki ikoje?" na jibu litakuwa kamili: "Breki imefungwa," au "Breki haijafungwa." Karatasi imekwisha bandikwa katika kibanda cha yadi. La pili, hoja ya saa za ziada italetwa upya katika mkutano ujao. Yule fundi ameombwa aje aisome, na ndugu aliyesema neno lile amekwenda nyumbani kwake mwenyewe kumwomba radhi. Walizungumza nini hatukuambiwa, ila walikunywa chai.