Foleni Si Mapumziko

Uchovu wa dereva wa lori, yaani hali ya mwili na akili kupungukiwa uwezo wa kuona, kuamua na kutenda kwa wakati, hausababishwi na usukani peke yake. Katika barabara kuu ya Tanzania itokayo Dar es Salaam hadi mji wa mpakani wa Tunduma, yenye zaidi ya kilomita 900, dereva apelekaye shehena Zambia au Kongo huweza kukuta mpakani foleni inayosogea kidogo kidogo usiku na mchana, na kwa kuwa anayelala hupitwa, muda unaodhaniwa kuwa wa mapumziko humchosha zaidi. Hatari hukua kuanzia saa nane usiku hadi alfajiri, pale saa ya mwili, ambayo ni mpangilio wa ndani unaoongoza kulala na kuamka, inapodai usingizi: ubongo huweza kusinzia kwa sekunde chache macho yakiwa wazi, na lori liendalo kilomita 80 kwa saa hupita takribani mita 89 katika sekunde 4 bila mwenye kuliongoza. Kwenye kona za Kitonga, mkoani Iringa, hata mita 10 ni nyingi. Kutafuna mirungi ili kukesha huahirisha usingizi tu. Katika nchi jirani ya Kenya, sheria humwekea dereva wa gari la biashara kikomo cha saa 8 za kuendesha katika kila saa 24. Ni kikomo chema, lakini hakigusi malipo ya kila safari, yanayomfanya dereva aone kulala ni hasara, na hapo wa kuulizwa ni wenye malori, ambao hupanga malipo hayo wakiwa wamelala vyema.