Kongosho la Mtoto Linapozidiwa na Sukari ya Mama



Kuanzia Mbagala na Tandika hadi Tandale na Bunju, mtoto anayezaliwa na kilo nne na nusu hupokewa kwa vigelegele. Vigelegele hivyo ni halali yake. Hata hivyo, uzito huo huenda ukawa na kisa, na kisa chenyewe huanzia katika tezi iliyojificha nyuma ya mfuko wa chakula: kongosho.

Kondo la nyuma hupitisha sukari ya mama kwenda kwa mtoto. Insulini ya mama, ambayo ndiyo huidhibiti sukari hiyo, haipiti. Mama mwenye kisukari cha mimba, basi, humpelekea mwanawe mzigo usio na mchukuzi. Kongosho la mtoto, linaloanza kutengeneza insulini karibu na mwisho wa mwezi wa tatu wa mimba, hulazimika kuubeba lenyewe: seli zake za insulini huongezeka, na insulini ikizidi humlimbikizia mtoto mafuta, hasa mabegani na tumboni. Daktari wa Denmark, Jørgen Pedersen, aliyaeleza haya katika miaka ya 1950.

Hatari kubwa huja kitovu kikishakatwa. Sukari ya mama hukoma papo hapo, ilhali kongosho la mtoto halijapata habari. Huendelea kumimina insulini kama jana. Ndani ya saa chache mtoto yuleyule aliyesifiwa kwa unene hutetemeka, hulegea, hukataa ziwa, na akicheleweshwa hupata degedege. Hapo wapo watakaotafuta hirizi kabla ya muuguzi. Mtoto huyu anahitaji kuzaliwa hospitalini, kunyonyeshwa ndani ya saa ya kwanza na kutobolewa kisigino ili sukari yake ipimwe.

Kisukari cha mimba mara nyingi hakina dalili, na mkojo pekee hautoshi kukifichua. Kipimo chake hufanyika kati ya wiki ya 24 na 28: mama hufika bila kula tangu usiku, hupimwa damu, hunywa gramu 75 za glukosi, kisha hupimwa tena. Kwa viwango vya Shirika la Afya Duniani vya mwaka 2013, milimoli 5.1 kwa lita kabla ya kunywa, au 8.5 baada ya saa mbili, zatosha kuanza matibabu. Aliyewahi kuzaa mtoto wa zaidi ya kilo nne, au mwenye kisukari katika ukoo, alitaje hilo tangu hudhurio la kwanza.

Wengi hudhibiti sukari kwa kupunguza ugali na wali, kuacha soda na kutembea kila siku. Wachache huhitaji sindano za insulini. Baba anayeendelea kuleta soda nyumbani kila jioni hasaidii. Wiki 6 hadi 12 baada ya kujifungua, mama hurudi kupimwa tena.