Kuona Joto kwa Macho: Kamera ya Infraredi na Mapaa Yetu

(Hotuba kwa wanafunzi wa zamani na wa sasa, Makwale, Kyela)



Nimeombwa niseme juu ya chombo ninachokitumia kazini, yaani kamera ya infraredi. Sitawachosha kwa hesabu, lakini ningependa tukimaliza tuwe na la kuamua juu ya mapaa yetu.

Kila kitu hutoa miali ya joto: jiwe, chungu, hata mwanafunzi anayesinzia darasani. Miali hiyo macho yetu hayaioni. Aliyeigundua ni mwanafalaki William Herschel, huko Uingereza, mwaka 1800. Aliupitisha mwanga wa jua katika kioo cha pembe tatu, ukagawanyika rangi kama upinde wa mvua, naye akazipima rangi hizo kwa kipimajoto. Alipokiweka kipimajoto nje kidogo ya rangi nyekundu, mahali pasipo na mwanga wowote wa kuonekana, joto lilizidi kupanda. Kamera hii huipokea miali hiyo na kuifanya picha: penye joto huonekana peupe, penye ubaridi peusi.

Kazi zake ni nyingi. Mwaka 2016 askari wa wanyamapori wa Maasai Mara, nchini Kenya, walianza kuitumia kuwaona majangili gizani. Mafundi wa umeme huitafutia waya uliolegea, kwa kuwa mahali palipolegea hupata moto kabla ya kuungua.

Tuje nyumbani. Weka kiganja juu ya dawati la mbao kwa muda mfupi, kisha uondoe mkono: kwenye kamera alama ya vidole vyako itabaki ikififia polepole. Simama mbele ya dirisha la kioo, nawe hutaona nje bali utajiona mwenyewe, maana kioo huzuia miali hii. Lakini nailoni nyeusi nyembamba, ambayo jicho halipenyi, kamera hupenya. Mtungi wa udongo, kama ile ifinyangwayo na akina mama Wakisi wa kando ya ziwa, huonekana mweusi kuliko ukuta ulio nyuma yake. Maji hujipenyeza kidogo kidogo, na yakikauka huondoka na joto. Siku yenye unyevu mwingi hewani, na siku hizo hapa Kyela ni nyingi, tofauti hiyo hupungua.

Sasa tuinue kamera juu. Adhuhuri, bati kuukuu lililopigwa na jua huonekana jeupe kabisa, na laweza kupita nyuzi 60 za Selsiasi. Upande wa ndani hutumwagia miali hiyo vichwani. Ndiyo maana kufungua madirisha peke yake hakutoshi: upepo huondoa hewa ya moto, lakini hauzuii miali. Wazee wetu waliojenga kwa mianzi na kuezeka kwa nyasi hawakuwa na kamera, lakini nyasi zenye hewa katikati huzuia joto vizuri. Sisemi turudi kwenye nyasi. Zinashika moto, na bati hutukingia maji ya mvua. Nasema tuwekee bati kizuizi chini yake.

Hapo ndipo penye mtego, ndugu zangu. Bati jipya linalong'aa ukilipiga picha huonekana la baridi, nalo ukiligusa mkono hauvumilii. Madini yang'aayo hutoa miali kidogo na kuakisi ya vitu vingine, hivyo kamera inaona ubaridi wa anga uliojiakisi pale. Dawa yake ni kubandika kipande cha utepe mweusi wa mafundi umeme juu ya bati, kungoja kidogo, kisha kupima pale kwenye utepe. Chombo hujibu kile kilichoulizwa. Kazi ya kuuliza vizuri ni yetu.

Nasema hayo kwa sababu katika ajenda yetu ya leo liko swali la michango: tununue bati jipya au tuweke dari? Mtu anaweza kutuonyesha picha ya bati jipya na kusema, "Tazameni, limepoa." Kama bati lililopo halivuji, rai yangu ni dari kwanza, yenye matundu ya hewa juu yake, na miti upande wa magharibi.

Lakini msiniamini mimi. Kamera hii nitawaachia wanafunzi wa fizikia kwa wiki moja. Wapime chumba kimoja chenye dari na kimoja kisicho nayo, asubuhi, adhuhuri na jioni, waandike, kisha watusomee sisi tunaotoa fedha. Atakayekaa chini ya paa hilo ndiye mwenye haki ya kupima kwanza.