Maumivu ya Bega na Kazi za Nyumbani

Hotuba ya muuguzi mstaafu mbele ya mkutano wa wanachama, siku ya kuadhimisha miaka kumi ya Chama



Nilipopata barua ya kunialika, nilidhani nitatakiwa kusema habari za malaria au chanjo, kama ilivyo desturi muuguzi anapopewa nafasi. Lakini Katibu aliniachia hiari, nami nimechagua bega. Naona wengine wanatabasamu. Ni kweli kwamba bega linalouma haliui mtu. Hata hivyo, katika miaka yangu ya kazi nimewapokea akina mama wengi mno ambao hawawezi kujifunga kilemba kwa kuwa mkono haupandi, na karibu wote walichelewa kuja kwa kudhani kwamba ni uzee.

Asubuhi hii tumesomewa hesabu ya kilo zilizopimwa ghalani. Niruhusuni niongeze hesabu moja isiyoandikwa katika daftari lolote. Dumu la maji la lita 20 lina uzito wa kilo 20 na zaidi kidogo. Mama achotaye madumu matano kwa siku amebeba kilo 100, na katika siku kumi amebeba tani nzima. Hapo hajatwanga, hajafua, wala hajakata majani ya ng'ombe. Kisha huja shambani, nasi humwuliza mbona amechelewa.

Kwa nini bega, wala si kiungo kingine? Nyonga imekaa ndani ya kikombe chenye kina, bali bega limekaa juu ya kikombe kifupi, mfano wa mpira juu ya kisahani. Ndiyo sababu mkono huzunguka kila upande. Kinachoushika mahali pake ni misuli minne midogo pamoja na kano zake, na kano mojawapo hupita katika njia nyembamba chini ya mfupa ulio juu ya bega. Mkono ukiinuliwa juu mara nyingi, tena ukiwa na mzigo, kano hiyo huelemewa siku baada ya siku. Ndivyo afanyavyo mwenye kutwanga peke yake kwa mchi mzito, mwenye kuanika nguo kwenye kamba iliyofungwa juu mno, na mwenye kujitwika dumu bila msaidizi. Dalili zake mwazijua: maumivu upande wa nje wa bega, yanayozidi mkono uinuliwapo na kumnyima mtu usingizi alaliapo upande huo.

Yapo mambo ya kufanya yasiyohitaji fedha. Kamba ya nguo ishushwe mpaka kimo cha macho. Vyombo vitumikavyo kila siku visiwekwe juu ya kichwa. Heri kubeba lita 10 mara mbili kuliko 20 mara moja, na anayejitwika atwikwe na mwenzake. Wazee wetu walitwanga wawili wawili kwa kupokezana; nadhani walijua walilolifanya, wala haikuwa kwa ajili ya nyimbo tu. Kando ya kisima pajengwe jukwaa la mawe lenye kimo cha kiuno, ili dumu lisiinuliwe kutoka ardhini.

Na sasa, Bwana Mwenyekiti, nina ombi. Chama kina toroli zake ghalani. Siku zisizo za mnada hulala bure, huku mabega ya wake zetu na binti zetu yakifanya kazi ya toroli. Naomba Kamati ifikirie kuziazimisha kwa zamu kwa ajili ya maji. Nao waume wasione haya kuzisukuma, kwa maana magunia ya kahawa huyasukuma bila haya.

Ama kuhusu matibabu, hapana budi nikiri kosa langu mwenyewe. Mama mkwe wangu, Mungu amrehemu, alipoanza kuumwa bega nilikuwa nimetoka chuoni karibuni, nami nilijiona mjuzi. Nilimfunga mkono shingoni kwa kanga, nikamkataza kuusogeza. Baada ya wiki sita nilipoifungua, mkono ulikuwa umekaza. Haukufika hata kwenye sikio. Pengine bega lile lingekaza hata bila kanga yangu, kwa kuwa baadaye alipimwa akaonekana ana kisukari, na wenye kisukari hupatwa na jambo hili zaidi kuliko wengine. Lakini kumfunga vile kulizidisha. Ilipita karibu miaka miwili kabla hajaweza kujifunga kilemba. Muda huo wote nilimfunga mimi kila asubuhi, naye hakunilaumu hata siku moja, nami nikazidi kuelemewa.

Basi, bega likiuma, pumzikeni na kazi iliyoliumiza, lakini msilifunge. Inama ukishika meza kwa mkono mzima, uuache mkono mgonjwa uning'inie kama ndoo kisimani, kisha uuzungushe polepole. Au simama mbele ya ukuta, vidole vipande kidogo kidogo kama buibui. Fanya hivyo kila siku kwa wiki sita hadi kumi na mbili. Maumivu madogo si kitu. Yakidumu mpaka usiku, punguza. Kitambaa cha maji ya moto hufariji, ila chale na kuvutwa mkono kwa nguvu huleta madhara. Parasetamoli yafaa kwa kipimo chake. Dawa kali zaidi za maumivu zisinunuliwe ovyo, hasa na wenye vidonda vya tumbo, wenye ugonjwa wa figo na waja wazito.

Bega likikaza, nendeni mkapimwe sukari. Huko hospitali mtaalamu wa viungo aweza kuwaongoza, na pengine mganga atachoma sindano ya kutuliza uvimbe. Aliyeanguka akashindwa kuinua mkono asingoje, wala mwenye bega lililovimba na homa. Na mtu akishikwa na maumivu ya bega au mkono pamoja na uzito kifuani, jasho na kukosa pumzi, huo waweza kuwa moyo. Apelekwe hospitali saa ile ile.

Baada ya chakula nitakuwa chini ya mwembe ulio nyuma ya ghala, niwaonyeshe mazoezi hayo kwa vitendo. Waume nao waje, maana wao ndio watakaohesabu siku nyumbani.