Namba ya Mbele Ionekane

Wakazi wa Kware, sheria ya trafiki nchini inataka gari liwe na namba mbele na nyuma. Magari mengi ya spoti hutoka Japani, na bampa zake zimetengenezewa bati fupi, la sentimita 33. Bati letu refu halikai vizuri, basi wengine huliweka kwenye dashibodi au hulifunga kwa waya. Barabara ya mawe hukata waya. Fundi wa kuchomelea anaweza kutengeneza kishikio kinachoingia kwenye tundu la ndoano ya kuvutia gari, bila kutoboa bampa wala kuziba rejeta. Mtoto akigongwa na dereva akatoroka, polisi wataanzia kwenye namba hiyo.