Windo la Bunduki ya Upepo: Kitoweo au Mzoga?

Sifa zote njema zinamstahikia Allah (s.w.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba wake. Ama baad.

Ndugu zetu katika imani, vijana wetu hutuuliza ni bunduki gani ya upepo inayofaa kununuliwa mara ya kwanza kwa kuwindia njiwa, kwale na sungura. Sisi tunaona kuwa swali hilo limetanguliwa na jingine: kitakacholetwa nyumbani kitakuwa kitoweo au mzoga?

Katika Suratul Maida, aya ya 3, Allah ametuharamishia mnyama aliyekufa kwa pigo. Naye Adi bin Hatim (r.a.) alipomwuliza Mtume (s.a.w.) juu ya windo la mi'radh, alifundishwa kuwa kilichotobolewa kwa ncha huliwa, na kilichouawa kwa ubavu wake hakiliwi. Kwa msingi huo wanazuoni wengi wa zamani walikataa windo lililouawa kwa gololi ya udongo. Baadaye Imam Shawkani wa Yemen, aliyefariki mwaka 1250 Hijria (1834), aliona kuwa risasi ya baruti hutoboa, hivyo windo lake ni halali likitajwa jina la Allah wakati wa kufyatua. Bunduki ya upepo iko baina ya hayo mawili: yenye nguvu hupenya, iliyo dhaifu huponda tu.

Basi kuchagua silaha ni sehemu ya kutafuta halali. Vipenyo vilivyoenea ni milimita 4.5 na 5.5. Risasi ya 4.5 ni nyepesi na ina kasi zaidi, ya 5.5 ni nzito, na wawindaji wengi huipendelea kwa sungura. Kwa anayeanza, bunduki ya springi yatosha, kwani haihitaji mtungi wa hewa. Ila hutikisika inapofyatuliwa. Basi ajizoeze kwa karatasi mpaka risasi zote ziingie katika duara la kizibo cha soda, kwa umbali ule ule atakaowindia. Asijizoeze kwa kiumbe hai, kwani Mtume (s.a.w.) amemlaani mwenye kukifanya shabaha.

Akifyatua, ataje jina la Allah, kisha akimbilie windo akiwa na kisu kikali. Akilikuta lina uhai, ni wajibu alichinje. Akilikuta limekufa bila ya kutobolewa, au limezama majini, aliache. Na penye shaka, sisi twasema: aliache pia. Njaa ya siku moja ni nyepesi kuliko haramu kwenye sahani ya mama na wadogo zake.

Wala tusisahau kuwa Tanzania, chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009, kuwinda bila kibali ni kosa. Kijana na aulize polisi kabla ya kununua silaha, na ofisi ya wanyamapori kabla ya kuingia porini.

Tunamwomba Allah aturuzuku kilicho halali na atuepushe na chenye shaka. Amin.